Datsun 1200 inakohoa, inakata, inazima: anza na mipira na nyaya, kabureta iache kwanza

Gari dogo la zamani likianza kukohoa hapa Nakuru, liwe Datsun 1200, Corolla KE20 au Mini, mtu wa kwanza kufungua boneti hushika bisbisi na kwenda moja kwa moja kwenye skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nakuomba umzuie mkono. Kabureta ni chuma. Mipira, yaani mabomba ya mpira ya kupitishia hewa, na nyaya zimekaa juu ya injini ya moto zaidi ya miaka 50, na hizo ndizo zinazokauka, zinazopasuka na zinazotafunwa na panya. Ukizungusha skrubu kabla ya kuzikagua, utakuwa umeharibu kitu kizima ili kuficha kilichoharibika, na fundi atakayekuja baada yako atakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Nina 1200 ya mwaka 1973, injini A12 ya sentimita za ujazo 1171. Humo nimeona karibu kila ugonjwa nitakaoueleza hapa. Ugumu wake ni kwamba mpira uliopasuka na waya uliolegea hutoa dalili zinazofanana. Kwa hivyo usiamue kwa sauti peke yake. Pima.

Vifaa havizidi mfuko mmoja: mita ya umeme ya bei nafuu, taa ya kujaribia yenye waya mbili, kipande cha mpira mwembamba cha urefu wa mita moja, koleo, chupa ya kunyunyizia maji, na boliti ndogo mbili tatu za kuzibia mipira. Kipimo cha vakyumu (mvuto wa hewa unaotokea ndani ya injini) ukikipata, bora zaidi.

Kipimo hicho kina mtego kwa sisi watu wa milimani. Vitabu vinasema injini nzima, ikinguruma gari likiwa limesimama bila mguu kwenye mafuta, inapaswa kuonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari, na hewa inapungua nguvu kadiri unavyopanda: takriban inchi moja kwa kila futi 1000. Nakuru iko karibu mita 1850 juu ya bahari, yaani futi 6000 hivi, kwa hiyo injini yenye afya hapa itaonyesha kama 11 hadi 15. Kisumu, kwenye mita 1130 hivi, injini hiyohiyo itapanda hadi kama 13 hadi 17. Nimeona watu wakifungua injini nzima kwa sababu mshale haukufika kwenye rangi ya kijani. Angalia zaidi kama mshale umetulia. Ukitulia chini kabisa ya kiwango cha mji wako, tafuta hewa inayoingia kisirisiri au taimingi (wakati wa cheche kupiga) iliyochelewa. Ukitikisika kwa mpigo uleule bila kukoma, shuku valvu au plagi moja isiyochoma.

Inapanda na kushuka, au inazima ukitoa mguu

Injini ikivuta hewa ambayo haikupitia kabureta, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa. Ukiwa mwendo mkubwa huoni, kwa sababu hewa ni nyingi na tundu dogo halibadilishi kitu. Ukisimama kwenye taa za barabarani ndipo gari linaanza kutetemeka, linapanda lenyewe, linashuka, linazima. Na ukivuta kidogo choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, linatulia. Hapo kwenye choki weka alama akilini: gari lililopata moto ambalo bado linaipenda choki, mara nyingi linavuta hewa mahali.

Kwenye 1200 yangu mipira ya vakyumu ni mitatu tu. Mwembamba unatoka kabureta kwenda kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Mnene wenye kuta ngumu unatoka manifoldi, yaani bomba linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini, kwenda kwenye busta ya breki inayousaidia mguu kukanyaga (gari lisilo na busta halina huo). Wa tatu unarudisha mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini hadi kwenye manifoldi, ukipitia valvu ndogo. Gari jipya kidogo, kama Sunny au Corolla za miaka ya 1980, litakuwa na mipira mingi kama tambi. Chora mchoro kwenye karatasi au piga picha kabla ya kuchomoa hata mmoja.

Washa injini, funga koleo kwa kitambaa, kisha bana mpira mmoja mmoja. Ukibana na mngurumo ukabadilika ghafla kuwa mzuri, tatizo liko kwenye mpira huo au kwenye kitu ulichounganishwa nacho. Baada ya hapo weka ncha moja ya ule mpira wa mita moja sikioni, na ncha nyingine uitembeze polepole kwenye viungo vyote, hasa pale kabureta inapokalia manifoldi na pale manifoldi inapokutana na injini. Hewa inayoingia ina mluzi wake, na kupitia mpira utausikia vizuri hata kwenye gereji yenye kelele.

Chupa ya maji inamalizia kazi. Injini ikiwa haijapata moto sana, nyunyiza maji kidogo kwenye kiungo unachokishuku. Maji yataziba tundu kwa sekunde moja mbili na mngurumo utabadilika. Najua mafundi wengi hutumia petroli badala ya maji kwa sababu injini inaitikia haraka. Tafadhali usifanye hivyo. Kwenye A12, na vilevile kwenye injini za K za Toyota, manifoldi ya kuingiza hewa na ya kutolea moshi ziko upande mmoja, na bomba la moshi liko moja kwa moja chini ya kabureta. Petroli inayodondoka pale inadondokea moto.

Valvu ya mvuke wa oili itoe uitikise karibu na sikio. Nzima inagonga ndani kama kokoto kwenye kopo. Isiyogonga imeganda kwa oili. Ioshe, na ikikataa, nunua nyingine. Ikiganda ikiwa wazi, ni sawa na kuwa na tundu kubwa kwenye manifoldi, na hakuna skrubu ya kabureta itakayolitibu.

Sasa ugeukie umeme, kwa dalili hiyohiyo. Kabureta nyingi za Kijapani zina kisolenoidi kidogo chenye waya mmoja, kinachofungua njia ya petroli ya mwendo wa chini ufunguo ukiwashwa. Waya huo ukichomoka, gari linakimbia vizuri kabisa ila linazima kila ukitoa mguu. Washa ufunguo bila kuwasha injini, gusisha waya, utoe, uguse tena. Unapaswa kusikia "tik" kila mara. Usiposikia, pima kama volti 12 zinafika. Zikifika na kisolenoidi kimenyamaza, kimekufa. Zisipofika, fuata waya. Jaribio hili ni la nusu dakika na limewaokoa watu wengi gharama ya kabureta nzima.

Kama umemaliza yote hayo na mluzi bado unatoka kwenye kabureta yenyewe, shika mhimili unaobeba kile kisahani cha kuzuia hewa uutikise. Ukicheza sana, tundu lake limelika. Hilo si la mpira tena. Ni kazi ya fundi wa mashine ya kutoboa, atie bushi mpya.

Inakata ukigusa mafuta kidogo, inapona ukikanyaga sana

Hapa nitakaa, kwa sababu ugonjwa huu ulinitesa miezi miwili, na ni mahali ambapo mpira na waya vinakutana.

Nilikuwa nikienda Kisumu. Kutoka Salgaa hadi Mau Summit, mlima wote, mguu chini, gari lilivuta bila kulalamika. Kuteremka Kericho, salama. Nilipofika tambarare ya Kano, baada ya Awasi, mguu umelegea na gari linakwenda kilomita 70 kwa raha zake, likaanza kukata: linakata, linashika, linakata, kama mtu mwenye kwikwi. Nikikanyaga kwa nguvu linapona. Nikitoa mguu kabisa linapona. Kisumu fundi wa kwanza akafungua kabureta, wa pili akabadilisha chujio la petroli, wa tatu akaniuzia plagi nne mpya. Kwikwi ikabaki.

Mwishowe nikapelekwa kwa mzee mmoja anayefanya nyaya tu, karibu na soko la Kibuye. Hakuuliza habari za petroli. Aliuliza, "Kijana, inakata mguu ukiwa wapi?" Nikamweleza. Akachomoa mpira mwembamba wa distribyuta, akauziba kwa boliti, akaniambia, "Nenda hadi Kondele urudi." Nilienda na kurudi bila kwikwi hata moja.

Nikasema, "Mzee, basi ni mpira." Akasema hapana, mpira ni mzima, na akanionyesha. Ndani ya distribyuta pointi, ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa cheche, zimekalia kisahani kinachozunguka kidogo. Ukigusa mafuta kidogo, vakyumu inapanda kwenye mpira ule, inavuta kiwambo (utando laini), kisahani kinasogea, na cheche inawahi. Ukikanyaga sana, vakyumu inapotea, kisahani kinarudi. Ukitoa mguu kabisa, tundu la kabureta linalolisha mpira huo linakuwa nje ya mvuto, kisahani kinarudi vilevile. Na kila kinaposogea, kuna waya mfupi unaopinda nacho, unaoleta umeme kwenye pointi. Waya huo ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Kwa nje ulionekana mzima. Kisahani kikisogea, ncha zilizokatika ziliachana, na kikirudi zikagusana.

Kwa hiyo kama gari lako linakata kwa mguu mwepesi tu, fanya hivi. Chomoa mpira wa distribyuta, uzibe upande wa kabureta, endesha. Likipona, usitangaze kwamba mpira ndio mkosaji. Fungua kifuniko cha distribyuta na utoe rota (kipande kinachozunguka ndani yake), weka kipande cha karatasi katikati ya pointi ili zisigusane, kisha weka mita kwenye kipimo cha omu: waya mmoja kwenye taminali ya nje ya distribyuta, mwingine kwenye mkono wa pointi. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Sasa vuta hewa kwa mdomo kupitia mpira wa distribyuta ukiangalia mita. Namba ikiruka, umeupata waya. Jaribu pia waya mdogo wa athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) unaounganisha kisahani na mwili wa distribyuta, kwa maana nao unapinda vivyo hivyo.

Ukivuta, kisha ukaziba ncha ya mpira kwa ulimi, kisahani kinapaswa kubaki pale kilipo. Kikirudi polepole, kiwambo kimetoboka, na hapo gari halikati bali linakuwa zito, linakunywa petroli na kuwa na joto. Distribyuta hiyo pia ni tundu la hewa, ingawa dogo.

Waya wa kubadilisha uwe wenye nyuzi nyingi nyembamba, laini kama uzi. Ukiweka waya wa nyumba, ule wenye shaba moja nene, utakatika upesi kwa kupindwa huko. Uache ulegee kidogo, lakini usifike mahali pa kuguswa na rota. Ukimaliza, weka pointi kwenye nafasi ya milimita 0.45 hadi 0.55, na uweke taimingi mpira ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Ukiweka taimingi mpira ukiwa umeunganishwa mahali pasipofaa, mathalani kwenye manifoldi yenyewe badala ya tundu la kabureta, utakuwa umedanganywa na taa yako mwenyewe.

Inawaka kwenye stata, inazima ukiachilia ufunguo

Hii ni rahisi na karibu kila mara ni rezista ya koili (koili ndiyo inayozalisha umeme mkali wa cheche), kile kipande cheupe cha kauri kando yake. Ukizungusha ufunguo hadi kwenye stata, koili hupewa umeme wote moja kwa moja. Ukiachilia, umeme hupitia rezista. Ikiwa imekatika, cheche hufa papo hapo. Peleka waya kutoka chanya ya betri hadi chanya ya koili. Injini ikiendelea kunguruma, umelipata tatizo. Usiliache hivyo ukasafiri, kwa maana koili ya aina hiyo haikuundwa kubeba volti 12 muda wote na pointi zitaungua. Baadhi ya magari hayana rezista kabisa. Soma maandishi kwenye koili yako kabla ya kununua nyingine, kwani ya kutumia rezista na isiyotumia hazibadilishani.

Inazima ikipata moto, inawaka baada ya kupumzika

Watu husema petroli imegeuka mvuke, na kwenye mlima wa Timboroa wakati wa jua la Januari inaweza kuwa kweli. Lakini amua kwa cheche. Gari likizima tu, kabla halijapoa, chomoa waya wa katikati kwenye kifuniko cha distribyuta, ushike kwa koleo lenye vipini vya plastiki, ncha ikae milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Cheche ya buluu inayopiga kwa nguvu inakutuma kwenye petroli. Cheche ya manjano, dhaifu, au isiyokuwepo inakutuma kwenye kondensa au koili. Kondensa, inayozuia pointi zisiungue, ni ndogo na ya bei ndogo, nayo hufa kwa joto kuliko kitu kingine chochote ndani ya mfumo huo. Pointi zilizochomeka zikawa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili zinathibitisha.

Asubuhi za ukungu na mvua

Kericho na Londiani hii haikosi. Usiku, mahali penye giza, washa injini na unyunyize maji kidogo sana juu ya waya za plagi. Ukiona cheche za buluu zikitambaa juu ya mipira yake, waya zimekwisha. Pima pia kwa omu: waya mmoja usizidi elfu 30. Kifuniko cha distribyuta kikaushe, ukikague kwa jua. Mstari mweusi mwembamba kama unywele ni ufa unaopitisha umeme, na kukifuta hakusaidii.

Stata nzito, taa hafifu, waya wa choki unapata moto

Dalili ya mwisho hapo inaonekana kama uchawi hadi uielewe. Injini imekalia vipande vya mpira, kwa hiyo haipitishi umeme hadi kwenye bodi isipokuwa kwa mkanda wa athi. Mkanda huo ukioza au fundi akisahau kuurudisha, umeme wote wa stata unatafuta njia nyingine, na njia iliyopo ni waya wa choki au wa mafuta. Utaona moshi ukitoka kwenye dashibodi.

Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye hasi ya betri, na mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, safisha au badilisha athi. Betri yenyewe ikiwa imejaa husoma kama 12.6 imepumzika, isishuke chini ya 9.6 stata ikizunguka, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Taa ya mbele inayofifia kila indiketa inapopiga ni athi vilevile, safari hii ile ya mbele karibu na taa. Kwenye Datsun waya wa athi ni mweusi mtupu, kwenye Toyota za miaka hiyo ni mweupe wenye mstari mweusi. Lakini gari lililopita mikononi mwa watu kumi usiliamini kwa rangi, lifuate kwa mita.

Breki ngumu

Hii usisubiri Jumamosi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano sita hadi iwe ngumu, uishikilie, kisha washa. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haipati vakyumu. Injini ikibadilisha mngurumo kila ukikanyaga breki, kiwambo cha busta kinavuja. Kagua mpira wake mnene, kisha valvu ya njia moja: unaweza kuvuta hewa kuelekea upande wa injini, lakini ukipuliza kurudi busta isipite. Nimekuta ikiwa imegeuzwa.

Mpira wa busta uwe ule wenye uzi ndani. Mpira wa maji hunywea ukivutwa na kujifunga wenyewe, na utaonekana mzima kila ukifungua boneti kwa sababu injini imezimwa. Vilevile mipira laini ya dripu ambayo wengine huweka kwenye distribyuta: ikipata joto hulegea na kuchomoka. Gari lenye busta isiyofanya kazi bado lina breki, ila linataka nguvu za miguu miwili, na mteremko wa Salgaa ukiwa na malori mbele yako si mahali pa kuligundua hilo.

Mimi sasa nikitoka Nakuru kwenda Kisumu huwa na kondensa moja, seti ya pointi, rezista, nusu mita ya mpira mwembamba, waya laini wa mita mbili na klempu nne ndani ya kopo la maziwa chini ya kiti.